Somo: Kuliandaa gari kwa ukaguzi wa trafiki, kuanzia uani kwako hadi kupata ripoti

Mara ya mwisho niliporudishwa kwenye ukaguzi, sababu ilikuwa paipu ya breki iliyo nyembamba kuliko kalamu. Noah yangu ilikuwa imetoka gereji siku mbili kabla, imeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, na mimi nimesimama pembeni nikiwa na uhakika wote duniani. Mkaguzi alijilaza chini upande wa gurudumu la nyuma la kushoto, akapitisha kidole kwenye paipu, kikatoka na unga wa kutu; akakipitisha tena hatua mbili mbele, kikatoka kimelowa. Hakunihubiria. Alikinyoosha tu kile kidole nikione, kisha akaandika.

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanachama wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye magari madogo, Noah na Kosta. Wenye bajaji na malori mtakuta sehemu yenu kwenye maswali. Mengi nitakayoyasema yanafanyika uani, kwa jeki, tochi na kipande cha boksi, kabla hujamlipa fundi hata shilingi moja, kwa sababu fundi anayeambiwa "nitengenezee gari lipite ukaguzi" bila kuambiwa kasoro ni ipi atatengeneza kile anachokipenda yeye.

Ukaguzi wenyewe hufanywa na wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kwa gari la biashara, ripoti ya mkaguzi ndiyo inayokufungulia mlango wa leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kwa gari binafsi, wengi wetu hukutana na mkaguzi wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, tunapotafuta stika. Anza maandalizi wiki mbili kabla, na kama gari lako hubeba watu au mizigo msimu wa korosho, usingoje Oktoba ikukute. Wakati huo mafundi wazuri wana foleni, na kipuri kinachokosekana hapa utakisubiri kije na basi kutoka Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: karatasi na namba

Toa kadi ya gari, fungua boneti, ulinganishe. Namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na aina ya gari vyote visomeke sawasawa na kadi. Kwa magari mengi ya Kijapani namba ya chesisi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na kabini, au chini ya kiti cha mbele, nayo huku kwetu hufunikwa na vumbi lililogandamana na mafuta hadi isomeke kwa kubahatisha. Ifute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo. Usiisugue kwa msasa, kwa kuwa namba iliyokwaruzwa humfanya mkaguzi aulize maswali ambayo hukuwa na haja ya kuulizwa. Kama ulibadilisha injini au ulipaka rangi nyingine, rekebisha kwanza taarifa hizo TRA. Bima iwe hai kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na angalia pia kama gari lina deni la faini kwenye mfumo wa Polisi, maana madeni ya shilingi 30,000 hujilimbikiza kimyakimya.

Kuna mwanachama aliyewahi kuniambia kwamba gari lake halihitaji ukaguzi kwa kuwa lina ile stika ndogo ya mraba yenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele. Stika hiyo ni ya ukaguzi wa Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2. Inakueleza muda wa ukaguzi wa huko, haikuelezi lolote kuhusu breki zako za leo.

Hatua ya pili: osha chini, kisha laza gari juu ya boksi

Watu huosha juu, mkaguzi hutazama chini. Tumia maji baridi yasiyo na chumvi, uyaelekeze kwenye chesisi, ndani ya madishi ya magurudumu na kando ya mabomba. Wanaoegesha Shangani, Mikindani au ufukweni Lindi wanaujua upepo unaoacha utelezi wa chumvi kwenye kioo asubuhi; chumvi hiyohiyo hukaa chini ya gari, hushikana na mchanga, na hapo kutu hupata makao.

Gari likikauka, tandika boksi chini ya injini uliache lilale hapo hadi asubuhi. Doa jeusi au la kahawia asubuhi ni oili ya injini. Jekundu kwa kawaida ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. La kijani au la waridi lililo jepesi ni maji ya rejeta. Na maji matupu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, hayo yaache. Doa lililo karibu na gurudumu, lenye mafuta mepesi yasiyo na rangi kali, ndilo la kukukosesha usingizi.

Hatua ya tatu: breki

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo magari mengi ya pwani yanapoangukia.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano au sita hadi iwe ngumu. Endelea kuikandamiza, kisha washa injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu, kifaa kinachoisaidia breki kinafanya kazi. Isiposhuka, tafuta paipu ya hewa iliyopasuka. Sasa iache injini ikiunguruma, ukandamize pedeli kwa nguvu ile ile kwa dakika nzima. Pedeli ikizama polepole kuelekea sakafuni, ama mafuta yanavuja nje, ama mipira ya ndani ya masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, imechoka. Na kama ni laini kama unakanyaga mto wa sufi, kuna hewa ndani.

Baada ya hapo lala chini na tochi. Fuata paipu ya breki kuanzia mbele hadi nyuma, hasa mahali inaposhikwa na klipu, kwa kuwa mchanga wenye chumvi hujificha nyuma ya klipu na kuila paipu mahali usipopaona. Kutu ya juujuu inayofutika si kosa; kutu yenye magamba, au mahali palipolowa, ni kosa. Pinda pia mipira ya breki karibu na magurudumu ya mbele, na ukiona nyufa usisubiri.

Mafuta ya breki watu huyaongeza lakini hawayabadilishi. Mafuta haya hunyonya unyevu hata yakiwa ndani ya mfumo, na hewa yetu unyevu inao wa kutosha. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Dereva anayeteremka kutoka Newala kuelekea Masasi akiwa na abiria 25, mguu juu ya breki muda wote, anaweza kuyachemsha. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli huenda chini bila kitu. Badilisha kila baada ya miaka 2, na kwenye mteremko tumia gia ndogo.

Breki ya mkono ijaribu kwenye mwinuko halisi. Barabara tambarare hainyimi gari lolote sifa.

Hatua ya nne: miguu ya mbele na matairi

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka gogo au stendi chini ya chesisi, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au boljointi, kile kiungo cha duara cha mguu, imelegea. Lishike kushoto na kulia ulitikise tena. Likicheza, tazama tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu unapokata usukani. Mwenzako akitikisa na wewe ukiwa umeweka kidole kwenye kiungo, kidole kitakuambia ni kipi.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata ya tairi ikishalingana navyo, tairi limekwisha, hata kama bado "lina sura". Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene lakini lililopasukapasuka ubavuni kwa uzee huwadanganya wengi sokoni.

Hatua ya tano: taa na vilivyobaki

Jioni, rudisha gari karibu na ukuta mweupe, kanyaga breki, tazama mwanga kwenye kioo cha nyuma. Huna haja ya kumwita mtoto akusomee taa. Ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo ikapepesa kwa unyonge, usinunue balbu, safisha kutu mahali waya wa taa unapoungana na bodi. Honi, waipa, vioo vya pembeni, mikanda na vitasa vya milango vijaribu kwa dakika tano. Weka pembetatu za kuakisi, jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba lenye upepo. Mtungi wa kuzimia moto uwe na mshale kwenye kijani, na kama ni wa unga, ugeuze juu chini mara chache usije ukaganda.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Nenda asubuhi, gari likiwa tupu. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba ya Serikali (control number) kupitia simu au benki. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi "akusaidie", jua hujafika kwa mkaguzi. Kaa karibu wakati gari likikaguliwa, jibu unachoulizwa, na kosa likiandikwa, omba uonyeshwe lilipo. Ripoti ikitoka na gari likiwa la biashara, endelea na maombi ya leseni kwenye mfumo wa LATRA wa RRIMS.

Maswali ya wanachama

Dereva wa bajaji, Mikindani: Shikamoo mjomba. Na sisi wa matairi matatu tunapitia haya yote?

Marahaba mpwa wangu. Misingi ni ileile, ila kwako anza na shokomzoba za mbele na beringi za usukani, kwa kuwa bajaji iliyolegea mbele hukimbilia upande wakati wa kufunga breki. Kaza kebo ya breki ya kuegeshea, hakikisha taa zote za nyuma zinawaka, na zile taa za rangi ulizoongeza mbele, nakuomba uzitoe kabla hujaombwa na mwingine.

Mama mwenye Noah, Lindi mjini: Fundi amesema nibadilishe shokomzoba zote nne. Nitajuaje kama ni kweli?

Dada yangu, kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako, uachie. Likipanda na kutulia, shokomzoba hiyo bado ina kazi. Likiendelea kunesa, imekwisha. Kisha tazama mwili wake: ukiona mafuta yameshuka na kushika vumbi, hiyo nayo imekwisha. Zinabadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, lakini nne kwa pamoja usikubali mpaka akuonyeshe kasoro mbele na nyuma.

Mwanachama, Mtwara: Gari langu ni la familia, lina namba za njano. Nikipita ukaguzi naweza kuanza kubeba abiria?

Hapana, ndugu yangu. Badilisha kwanza usajili TRA kutoka matumizi binafsi kwenda biashara upate namba nyeupe, ubadilishe na bima iwe ya kubeba abiria, ndipo uende kwa mkaguzi na baadaye LATRA. Ukianzia katikati utarudi mwanzo.

Mwenye Fuso, Masasi: Mzee wetu, breki zangu ni za upepo. Naanzia wapi?

Jaza matangi hadi mshale ufike juu, zima injini, nyamaza usikilize kama upepo unavuja. Kisha mwenzako akanyage breki na kuishikilia, usikilize tena kila gurudumu. Kila asubuhi fungua vali za chini ya matangi utoe maji. Ukiona yanatoka na oili nyingi, kompresa inaomba fundi. Uachano wa breki, yaani nafasi kati ya viatu vya breki na ngoma, urekebishwe magurudumu yote, kwani lori linalovuta upande mmoja halitapita hata likiwa jipya.

Kijana, Mtama: Je, kuna ubaya kuazima mtungi wa moto na matairi ya rafiki kwa siku ile tu?

Rafiki yako siku hiyo anaendesha na nini?

Mwanachama, Lindi: Mwalimu, ile paipu yako yenye kutu uliifanyaje? Fundi wangu anataka kukata sehemu mbovu na kuunga kwa mpira na klempu.

Mkatalie. Ukikanyaga kwa nguvu, presha ndani ya paipu hiyo ni mara nyingi zaidi ya ile ya tairi, na mpira wa mafuta wenye klempu utachomoka siku utakayoihitaji breki kuliko siku zote. Kupaka rangi au grisi juu ya magamba ya kutu nako ni kuificha tu. Mimi niliing'oa yote, tukaweka mpya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo chumvi haiiwezi kirahisi, ncha zake zikatanuliwa kwa kifaa chake maalumu na kufungwa kwa nati. Tukatoa hewa tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na klipu zote tukazifunga upya baada ya kusugua mahali pake. Niliporudi, mkaguzi yuleyule alilala palepale, akapitisha kidole, akakitazama, kisha akahamia upande wa kulia.