Modeli ya nishati kwa jengo linalonunua joto na baridi kutoka mtambo wa pamoja

Mwongozo huu ni kwa anayejua kuendesha modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria nishati ya jengo, ila safari hii jengo lake halina chila (mashine ya kupoza maji) wala boila (mashine ya kupasha maji). Maji baridi na mvuke vinaingia kwa mabomba kutoka mtambo unaohudumia majengo mengi. Nafuata LEED 2009, toleo la mfumo wa kuthibitisha majengo rafiki kwa mazingira lililofungwa kwa miradi mipya mwaka 2016. Hesabu zake zinatumia ASHRAE 90.1-2007 (kiwango cha nishati kwa majengo) na Kiambatisho G chake (kanuni za modeli), pamoja na mwongozo wa 2010 wa USGBC, baraza la Marekani linalosimamia LEED.

Hatua ya 1: Chagua njia

Katika njia ya kwanza, jengo lako na jengo la kulinganishia (jengo la kufikirika linalofuata kiwango, la kupimia akiba yako) yote yananunua nishati ileile kwa bei ileile. Unashindana kwa kuta, vioo, taa na feni tu. Katika njia ya pili, jengo la kulinganishia linapewa chila na boila zake, na lako linabeba ufanisi halisi wa mtambo. Mtambo ukiwa mkongwe, njia hii itakuumiza.

Hatua ya 2: Jenga modeli

Natumia programu ya EnergyPlus na kifaa chake cha DistrictCooling, kinachowakilisha baridi ya kununuliwa. Kwa njia ya kwanza, pampu za jengo la kulinganishia hushuka hadi wati 16 kwa kila galoni ya maji baridi kwa dakika badala ya 22, na 14 badala ya 19 kwa maji moto.

Hatua ya 3: Geuza joto liwe umeme na fueli (njia ya pili tu)

Hapa ndipo kazi nyingi hurudishwa na wakaguzi. DistrictCooling inakupa joto lililoondolewa, si umeme uliotumika. Wapo wanaounda boila bandia ndani ya modeli ili ifanye ugeuzaji huo. Mimi sipendi, kwa sababu hakuna anayeweza kuikagua. Toa mizigo ya kila mwezi, ugeuze kwenye Excel.

Usipokuwa na vipimo vya mtambo, mwongozo wa USGBC unaruhusu COP (kiasi cha baridi kwa kila kizio cha umeme) ya 4.4 kwa kupoza na ufanisi wa 70% kwa kupasha joto. Upotevu kwenye mabomba ni 5% kwa maji baridi, 10% kwa maji moto, 15% kwa mvuke unaorudisha maji yake na 25% kwa usioyarudisha. Kwa hiyo kWh 100,000 za baridi ni 100,000 ÷ 0.95 ÷ 4.4, takriban kWh 23,900 za umeme.

Ukipewa namba na mwendeshaji, muulize mita iko wapi. Kama baridi ilipimwa mlangoni mwa wateja, upotevu umeshahesabiwa. Ukigawa tena kwa 0.95 unajiadhibu mara mbili. Uliza pia kama COP yake inajumuisha minara ya kupozea na pampu, au ni kompresa peke yake (namba nzuri mno mara nyingi ni hiyo). Kwa boila za gesi, uliza kama ufanisi ni kwa thamani ya juu ya joto ya gesi (inayohesabu pia joto la mvuke uliomo kwenye moshi) au ya chini (isiyolihesabu): tofauti hukaribia 10%. Na akikuletea tani-saa (kizio cha baridi), kila moja ni kWh 3.517 za joto. Majibu yote yaje kwa maandishi.

Hatua ya 4: Bei

Katika njia ya pili, weka bei ya umeme na ya fueli, sawa kwa majengo yote mawili. Ankara ya mtambo iache kando, maana ndani yake mna gharama za mtaji.

Hatua ya 5: Ripoti

Jedwali la muhtasari la EnergyPlus hujumlisha joto la kununuliwa na umeme kana kwamba ni kitu kimoja. Jumla hiyo usiinakili. Peleka ya Excel, na karatasi ya hesabu iambatane nayo.