Kuajiri Karani wa Mizani Bila Kuangalia Kabila

Msimu wa korosho ukikaribia, AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) na wenye maghala Mtwara na Lindi huanza kutafuta makarani wa mizani, na dhana nazo huanza: huyu Mmakonde anafaa ulinzi, yule wa kaskazini hesabu anazijua. Kwa namna hiyo anayefaa anaachwa, na sheria inavunjwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, rangi, dini au mahali mtu anapotoka, na kinamlinda hata mwombaji.

Kwenye fomu, futa kabila, dini na mahali pa kuzaliwa. Uraia utazame mwishoni, kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20. Jina na lafudhi si ushahidi: Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, na inaudhi sana kuona mzaliwa wa Newala akiulizwa kama katokea Msumbiji huku wenzake wakipita bila swali. Waulize wote au usimuulize yeyote.

Jaribio ndilo lenye uzito. Mpe kila mwombaji namba, na msahihishaji aone namba tu. Weka magunia matano na dakika 20: arudishe mizani kwenye sifuri, apime, atoe uzito wa gunia tupu, ajumlishe, aandike stakabadhi. Kati ya alama 50, weka 20 kwenye kutoa uzito wa gunia. Karani akisahau hapo, ghala linaandika kilo zisizokuwepo, na upungufu unajitokeza mnunuzi anapopakia.

Usaili uwe wa maswali matano yaleyale kwa wote, alama 10 kila moja. Wasaili wawili waandike alama kabla ya kuzungumza. Wakipishana kwa zaidi ya 3, kila mmoja ataje jibu alilolisikia. "Namwona hawezi" si jibu, isihesabiwe.

Ikiwa kazi inahitaji Kimakonde kweli, pima anavyokizungumza. Mmwera anaweza kukijua vizuri.

Funga fomu za alama na karatasi za jaribio pamoja, za waliokosa zikiwemo. Mwombaji akitoa ushahidi wa awali kwamba alibaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.