Tovuti Ikigoma Kwenye Firefox, Usikimbilie Kuihama

Kwenye saiba yangu hapa katikati ya Nairobi, mashine zote zinatumia Firefox. Hakosekani mteja ambaye fomu yake inagoma: kitufe cha "Lipa" kinabaki kijivu, au kijiduara kinazunguka tu bila ukurasa kufunguka. Wengi huona dawa ni kubadilisha kivinjari moja kwa moja. Mimi nasema tafuta kwanza kosa liko wapi.

Kama ulishabonyeza "Lipa", usibonyeze tena kabla ya kuangalia ujumbe wa M-Pesa. Ukurasa unaweza kukwama ilhali pesa zimeshatoka, na kudai pesa zilizolipwa mara mbili kunachosha kweli.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl+Shift+R. Ukurasa utapakiwa upya kutoka kwenye tovuti yenyewe, si ile nakala ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 2. Fungua dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+P, uingie upya. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Humo vidakuzi vya zamani (cookies, yaani faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta ili ikukumbuke) havipo, na programu za nyongeza kwa kawaida huwa zimezimwa. Fomu ikikubali, Firefox haina hatia. Rudi kwenye dirisha la kawaida, zima kizuia matangazo kwa tovuti hiyo peke yake, kisha ujaribu tena. Bado? Futa vidakuzi vya tovuti hiyo tu. Ukifuta vyote utatolewa kwenye akaunti zako zote, na hapo ndipo watu hugundua wamesahau nenosiri.

Hatua ya 3. Bofya alama ya ngao kando ya anwani, uzime ulinzi dhidi ya ufuatiliaji kwa tovuti hiyo. Tazama pia juu ya ukurasa: ukiona mstari unaosema dirisha ibukizi limezuiwa, liruhusu. Risiti nyingi hufungukia humo.

Hatua ya 4. Yote yakishindikana, huenda waliojenga tovuti waliijaribu kwa Chrome pekee. Huna haja ya kupakua kitu. Edge imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, na tangu 2020 inatumia injini ileile ya Chrome, yaani ile sehemu ya kivinjari inayosoma na kuonyesha kurasa. Maliza shughuli yako, uifunge. Kwenye iPhone hatua hii haisaidii sana, maana vivinjari vya huku kwetu vyote hutumia WebKit, injini ya Safari. Nawe unayetumia Opera Mini kuokoa bando, zima hali ya kubana data kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 5. Ripoti. Huduma ya umma haipaswi kumchagulia mwananchi kivinjari, na wahusika hawatajua tusipowaambia. Menyu ya Firefox ina sehemu ya kuripoti tovuti yenye hitilafu. Waandikie pia wenye tovuti: taja toleo la kivinjari chako na kitufe kilichogoma, uambatishe picha ya skrini baada ya kuficha namba ya kitambulisho na PIN ya KRA.