Njia ya Mafumbo katika Mji wa Kale wa Lamu: namna ya kuitengeneza na kuitembea

Mji wa Kale wa Lamu haufiki hekta 16. Mwenye haraka huukata kutoka Mkomani, mtaa wa kaskazini, hadi Langoni, mtaa wa kusini, kwa muda mfupi, akatoka upande wa pili hajaona zaidi ya kuta. Njia ya mafumbo humsimamisha. Kila kituo kina fumbo moja, jibu lipo mbele ya macho yake, na jibu hilo ndilo linalomfungulia kituo cha pili. Hana kiongozi, ana karatasi, bahasha zenye namba, penseli na kamba.

Maelezo haya ni ya njia ya vituo saba, isiyozidi kilomita mbili, ya saa mbili na nusu kwa watu watatu au wanne. Wakizidi wanne, wawili husoma na waliobaki huburuta miguu. Tena vichochoro vingi havina nafasi ya watu sita na punda aliyebeba mawe.

Fumbo lijibiwe na jiwe

Kabla ya kuandika neno lolote, shika kanuni hii: kama mtu aliyekaa Nairobi anaweza kulijibu fumbo lako kwa simu, litupe. Hilo ni swali la mtihani. Fumbo la njiani halina budi kumtaka mtu asimame pale, ainue macho, ahesabu au apime.

Na anachohesabu kiwe kitu kisichohama. Mabango ya maduka hubadilishwa, rangi hupakwa upya, jahazi hung'oa nanga, hata benchi huhamishwa. Vinavyokaa ni mihrabu inayotokeza nje ya msikiti, wikio linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, viti vya mawe vya daka (ukumbi wa mlangoni), miimo na mfaa wa mlango wa nakshi, na zidaka (vishubaka vya ukutani) ndani ya nyumba zilizofunguliwa kwa wageni. Ukishachagua kitu, kiendee mara mbili, asubuhi na alasiri. Mji unatazama mashariki, kwa hiyo nakshi inayosomeka vizuri saa mbili asubuhi yaweza kuzama kivulini saa kumi, na mtembezi akahesabu maua saba mahali penye tisa.

Vituo vyetu vinafuatana hivi. Anzia Mkunguni, mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Nenda Msikiti wa Pwani, halafu Posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891. Fuata Njia Kuu hadi Langoni upandie Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh. Rudi Mkomani kutafuta wikio, ingia Nyumba ya Kiswahili, kisha teremka umalizie Makumbusho ya Lamu, zilipo siwa mbili, baragumu kubwa za sherehe: ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Mtu aliyezitazama kuta mji mzima anastahili kumalizia kwa siwa.

Dira

Ramani ya simu usiitegemee. Kuta nene zilizoachana mita moja au mbili huziba anga, na ile nukta ya buluu huruka kutoka kichochoro hiki hadi kile. Maneno "kushoto" na "kulia" nayo ni ya hatari kuliko yote, kwa sababu maana yake inategemea mtu ametokea wapi, na katika Mkomani mtu aweza kukifikia kituo kimoja kwa njia tatu.

Lamu ina dira zake. Bahari iko matlai, yaani mashariki, na ardhi inapanda ukielekea magharibi. Kwa hiyo kila mteremko unakupeleka majini, na mfereji wa maji machafu unatiririka huko huko. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Lamu. Ukiona ukuta wa msikiti umetokeza kwa nje kama tumbo, hiyo ni mihrabu, na ukuta huo unatazama kibla; kinyume chake ni suheli, yaani kusini. Basi andika: "toka hapo uelekee kibla", "rudi suheli", "teremka matlai hadi mfereji ukutane na Njia Kuu". Mtembezi akizishika dira hizi katika kituo cha kwanza, hapotei tena hata akipotea.

Kuandika fumbo

Msomaji wa Kiswahili amelelewa na "Kitendawili!", "Tega!" Usimpe maelekezo makavu wakati lugha yenyewe ina zana. Ubeti mmoja wa tarbia, mizani nane kwa nane, unatosha kituo kizima. Huu ni mfano wa Msikiti wa Pwani, ambao tarehe yake ni 1370:

Jina langu ni la Pwani, na maji si tena yangu,
Nayo Ngome ni jirani, yasikia swala zangu,
Pima kwa kamba njiani, hadi gati toka kwangu,
Nani aliyesogea, ni bahari ama mimi?

Ubeti huu unafanya kazi tatu kwa pamoja. Mishororo miwili ya mwanzo inamwonyesha mahali, wa tatu unampa kazi, na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kinamwachia la kufikiri: ufuo ulikuwa karibu zaidi na Ngome, mji ukajengwa kuelekea baharini juu ya ardhi iliyojazwa. Angalia neno "gati". Ukiandika "hadi majini", jibu litabadilika kila saa, kwa kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukingo wa gati hauondoki. Chini ya ubeti ongeza mstari mmoja wa nathari unaotaja kichochoro cha kupitia, maana vichochoro vimepinda na wawili wakipita tofauti hawatapata kipimo kimoja.

Kamba iwe ya kusuka, isiyovutika. Ya nailoni laini hunyooka ukiikaza, na makosa ya nusu mita kwa kila mita kumi hujilimbikiza. Nunua mita 12. Piga fundo la kwanza, pima mita moja, piga la pili, pima tena kutoka fundo hadi fundo. Ukiweka alama zote kwanza ndipo ufunge, kila fundo litakula kamba na mita zako zitapungua. Hatua za miguu usizitumie kabisa. Hatua ya mtoto na ya baharia si moja.

Katika Nyumba ya Kiswahili fumbo linajiandika lenyewe. Mwambie apime upana wa chumba, kisha urefu, halafu aeleze kwa nini urefu umetofautiana na upana haukuzidi. Jibu liko juu ya kichwa chake: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Mwenye nyumba alitajirika apendavyo, chumba kilitanuka kwa urefu tu. Baada ya hapo mwache ahesabu zidaka za ukuta mmoja. Taja ukuta gani, na useme kama zilizozibwa zinahesabiwa.

Milango ya nakshi inavutia, lakini mingi ni ya nyumba za watu. Tumia ya makumbusho, au omba idhini ya mwenyewe kwanza na urudi kumjulisha njia ikianza kutumika. Uliza kuhusu mfaa, ile nguzo ya kati iliyoshikamana na bawa moja: nakshi yake inaanza na nini chini na kuishia na nini juu? Swali la namna hii halina namba, kwa hiyo livunje liwe namba: "Hesabu maua kutoka kizingiti cha chini hadi usawa wa pete."

Kwa Makumbusho, hisabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, inafaa sana, kwani wasomi wa pwani walifichia tarehe ndani ya herufi kwa hesabu hiyo. Mpe jedwali fupi: alifu 1, wau 6, lamu 30, mimu 40. Kisha mwambie aliandike jina la mji kwa herufi za Kiarabu kama wenyeji wanavyolitaja. Amu ni alifu, mimu, wau: 47. Atakayeandika Lamu atapata 77.

Bahasha

Jibu la kila kituo ndilo linalomwambia mtembezi afungue bahasha ipi. Wengi hutumia kanuni ya kujumlisha tarakimu: jibu likiwa 25, fungua bahasha ya 7. Ni rahisi, na inaharibu njia nzima. Jela ya Ngome ilidumu miaka 74: saba na nne ni 11. Msikiti wa Pwani, 1370: 11. Amu, 47: 11. Vituo vitatu vinagombea bahasha moja, na mtembezi wa Mkunguni anaruka hadi mwisho kabla hajatembea.

Andika jibu kamili juu ya bahasha, kisha changanya na bahasha za makosa. Bahasha ya kosa isiwe ya kubahatisha. Itungie kosa ambalo mtu kweli atalifanya, na ndani yake umweleze. Bahasha ya 75: "Umehesabu mwaka wa kwanza na wa mwisho pamoja. Toa mmoja." Bahasha ya 77: "Umeandika jina la kwenye ramani. Sikiliza wenyewe wanavyojiita." Kwa kipimo cha kamba, andika masafa badala ya namba moja na uache nafasi ya mita tano. Vituo saba vyataka bahasha ishirini hivi: saba za kweli, kumi na tatu za makosa. Kazi yake ni ya jioni mbili, na ndiyo inayomfanya mtu asonge mbele pasipo kiongozi.

Ndani ya kila bahasha ya kweli weka vidokezo vitatu vya kituo kinachofuata, kila kimoja kimekunjwa peke yake: cha kwanza kifunguliwe baada ya dakika 5, cha pili baada ya 10, jibu lenyewe baada ya 15. Usikose hilo la tatu. Fumbo moja lisilo na jibu laweza kuwarudisha watu nyumbani kutoka kituo cha pili.

Karatasi iwe ya gramu 160 au zaidi, nusu ya A4, yenye laminesheni iliyoachiwa ukingo wa milimita 5 pande zote. Ukikata usawa wa karatasi, unyevu wa bahari huingia na wino huvuja. Majibu yaandikwe kwa penseli kwenye daftari. Ukitaka kumalizia kwa kisanduku chenye kufuli la namba, kufuli liwe la shaba ya njano, kwa kuwa hewa ya chumvi hulishika la chuma likawa halizunguki tena. Kisanduku kikae kwa mtu aliyekubali kukitunza, kamwe kisiachwe barazani.

Ukutani usibandike kitu. Gundi ikibanduka huondoka na chokaa, na msumari hufungua njia ya maji kuingia kwenye matumbawe. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, na Ngome, Makumbusho na Nyumba ya Kiswahili viko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Pitia ofisi yao mapema, uwaonyeshe njia yako na uulize saa za kufungua na kiingilio. Kisha viandike kwenye karatasi ya kwanza ili mtembezi aje na pesa mkononi.

Saa na adabu

Anza saa mbili asubuhi. Usipange Ijumaa mchana, wala wiki ya Maulidi ya Mfungo Sita kwa kituo cha Riyadha, watu ni wengi mno. Mwezi wa Ramadhani fupisha iwe vituo vinne. Vikundi viachane dakika 20, la sivyo cha nyuma kitaona cha mbele kinakohesabu.

Misikiti yote ifumbuliwe kwa nje. Fumbo lisimtake mtu kukaa kwenye baraza ya nyumba, kugusa pete ya mlango, wala kupiga picha ya mtu. Andika haya kwenye karatasi ya kwanza kwa herufi kubwa, pamoja na salamu: anayepita bila "Salamu aleikum" mbele ya wazee hatasaidiwa akikwama, na hana haki ya kulalamika. Punda mwenye mzigo apewe njia: simama ukutani, mgongo kwenye jiwe.

Kuijaribu

Mpe mgeni ambaye hajawahi kufika, kisha mzee wa mtaa. Wafuate kwa mbali bila kusema, ukiandika dakika za kila kituo. Mgeni atakuonyesha maelekezo yanayopotosha. Mzee atakuonyesha jina ulilokosea. Watu wawili wakikosea namna moja mahali pamoja, fumbo ndilo lenye kasoro. Liandike upya.

Watakaofuata kuijua njia yako ni watoto wa mtaa. Watayajua majibu upesi na watayatoa kwa furaha kabla hujauliza. Usiwafukuze, mtaa ni wao. Tengeneza seti tatu za maswali kwa vituo vile vile: seti ya kwanza ihesabu zidaka za ukuta wa kibla, ya pili za ukuta wa suheli, ya tatu ipime urefu wa chumba, uzizungushe kila wiki.

Wenye nguvu waweza kuongezewa kituo cha nane, Shela, kilomita tatu kwa mguu kando ya bahari. Hapo fumbo la kwanza ni maji. Yakijaa, sehemu za njia hufunikwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu itakuwa imesogea zaidi ya saa mbili ifikapo Alhamisi. Waulize wavuvi gatini asubuhi hiyo maji yanapwa saa ngapi, watembezi watoke saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na uandike saa ya mwisho ya kuanza kurudi juu ya bahasha yenyewe.