Ukitaka kuliona Ziwa Ngosi

Ukiwa Mbeya, panda gari ya Tukuyu, umwambie konda akushushe Isongole, kisha bodaboda hadi ukingo wa msitu. Fika asubuhi; mchana ukungu wa milima ya Poroto hushuka, utaambulia weupe mtupu. Mimi yalinikuta mara mbili.

Viatu viwe vya kung'ata udongo. Raba zangu laini zilinigaragaza kwenye matope, mwenyeji aliyeniongoza akacheka mpaka akakaa. Njiani kuna mianzi, migomba mwitu, na ukibahatika, kinyonga wa pembe tatu.

Juu, ziwa liko chini yako kabisa, ndani ya shimo la volkano, halina mto unaotoka. Kuteremka majini ni kwa kushika mizizi. Mimi niliishia ukingoni, nikala mahindi yangu ya kuchoma.