SOMO: Kuposti picha za mandhari, wanyama na maua bila kuziharibu na bila kuleta madhara (soma lote kabla ya kuuliza)

Habari zenu wakuu. Maswali ni yale yale kila wiki: picha imefika na ukungu, rangi zimepauka, faili linakataa kufunguka, "umepigia wapi hii?". Nimechoka kujibu mmoja mmoja pembeni, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Ukiuliza kilichokwisha kuandikwa, nitakutajia namba ya hatua tu. Nyingi ni nyepesi. Hatua ya 5 ndiyo iliyonikalisha chini kuandika, na hata kama una miaka mingi kwenye kamera, tafadhali usiiruke.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua kule Nyanda za Juu Kusini, maana msimu wa maua ukiingia, kati ya Desemba na Aprili, ndipo picha humiminika.

Hatua ya 1. Chagua. Ua moja, picha moja au mbili. Nyingine baki nazo.

Hatua ya 2. Nyoosha upeo. Kama Ziwa Victoria limeinama kwenye picha yako, kila programu ya kuediti ina kitufe cha kunyoosha.

Hatua ya 3. Editi kwa kiasi. Theluji ya Kibo ikianza kuwa ya bluu, umepitiliza, rudi nyuma. Ukiondoa waya wa umeme au ukibadilisha mawingu, sema kwenye maelezo. Watu hupanga safari kwa kuangalia picha zako.

Hatua ya 4. Toa nakala ya kuposti. Faili halisi usiliguse kabisa. Nakala iwe JPEG, upande mrefu pikseli 2048, ubora kati ya 80 na 85, na mfumo wa rangi uwe sRGB. Wanaolalamika kuwa kijani cha msitu kimepauka baada ya kuposti, mara nyingi wametoa faili likiwa kwenye mfumo mwingine wa rangi, Adobe RGB. Programu isiyoijua hiyo inasoma rangi vibaya na kila kitu kinafifia. Wa iPhone, faili la HEIC halifunguki kwenye kila kompyuta, ligeuzeni JPEG. WhatsApp huibana picha sana: tuma kwa HD, au tuma kama dokumenti ili ifike kama ilivyo. Ila kabla ya kutuma kama dokumenti, pita Hatua ya 5 kwanza.

Hatua ya 5. Ondoa lokesheni. Hapa tutulie.

Simu ikiwa na ruhusa ya kujua mahali ulipo, inaandika latitudo na longitudo ndani ya kila faili la picha. Huzioni kwenye skrini, lakini zimo, na mara nyingi hukosea kwa mita chache tu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, zinafutwa njiani. Ukituma kama dokumenti, zinabaki. Kwa barua pepe zinabaki. Google Drive zinabaki. Telegram ukituma kama faili zinabaki, na Wikimedia Commons zinabaki pia. Kwa hiyo mwenzetu anayejali ubora, anayetaka picha yake ifike bila kubanwa, ndiye anayevujisha kuliko wengine wote.

Kwa nini tulichunge hili hata kwa ua? Okidi za ardhini za Nyanda za Juu Kusini zina viazi chini ya udongo, na viazi hivyo huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Kiazi kikitoka, mmea umekwisha. Kiangazi kikifika, maua na majani hukauka, juu ya ardhi hakuna dalili yoyote, na kiazi kinabaki salama kwa sababu hakionekani. Sasa wewe umepiga ua mwezi wa pili, ukaposti na namba zake. Mwezi wa nane majani yamekauka zamani, lakini namba zako bado zinaelekeza palepale kilipo kiazi.

Kwa faru sina haja ya kueleza sana, bei ya pembe inajulikana. Kakakuona naye, magamba yake yanatafutwa kiasi kwamba mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Viota vya tai na bundi mnavisahau: tai wengi hurudi kwenye kiota kile kile mwaka hadi mwaka, kwa hiyo lokesheni uliyoposti haichakai.

Namna ya kuondoa:

Kwenye Android, fungua mipangilio ya kamera yenyewe na uzime kuhifadhi lokesheni kabla ya kuingia hifadhini. Kwenye iPhone, unaposhea picha gusa palipoandikwa Options juu kabisa, uzime Location. Kwenye Windows, bofya faili kulia, ingia Properties, kisha Details, na mstari wa chini kabisa utakupa kuondoa taarifa. Wenye mafaili mengi watumie ExifTool, programu ya kompyuta ya kuhariri taarifa zilizo ndani ya picha, kwa amri hii: exiftool -gps:all= picha.jpg

Na sasa tahadhari, zisomeni taratibu:

ExifTool huacha nakala ya faili la zamani pembeni, jina lake likiishia na _original. Hiyo bado ina lokesheni. Ukibeba folda nzima ukaipandisha, umefanya kazi bure.

Picha moja ikisafishwa na nyingine ya saa ileile ikaachwa, hakuna ulichoficha. Ua limepigwa saa 4:12, geti au daraja limepigwa saa 4:09 likiwa na namba zake: mtu atahesabu dakika. Safisha albamu yote.

Picha pana huongea. Kona ya njia, jiwe kubwa na kilele nyuma yake vinatosha kwa mwenyeji kujua umesimama wapi. Kwa kilicho hatarini, posti picha ya karibu, ile pana baki nayo.

Maelezo nayo huvujisha. "Mita mia kutoka daraja la pili" ni lokesheni kamili, hata kama faili ni safi.

Ukimaliza kuposti, ishushe picha yako mwenyewe kama mtu mwingine angefanya, uikague. Usiamini tu kwamba mtandao umefuta.

Hata hivyo msifute lokesheni kwenye faili halisi. Kwa mtafiti, picha ya okidi yenye mahali na tarehe ni ushahidi, isiyo navyo ni pambo. Na si kila mahali pa kufichwa! Irente kule Lushoto, maporomoko ya Materuni, Kilimanjaro ikionekana kutoka Moshi alfajiri kabla ya mawingu: taja hadi njia ya kufika, maana wageni wakija, wenyeji wanapata riziki.

Hatua ya 6. Maelezo. Ni nini, wapi kwa upana, mwezi gani. Jina hulijui? Sema hulijui, tutasaidiana. Usibahatishe.

Hatua ya 7. Jina lako. Dogo, kwenye kona. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapobuniwa. Jina kubwa katikati ya picha haliongezi ulinzi, linaharibu picha.

Hatua ya 8. Watu. Mchungaji akiwa ndani ya fremu, muombe ruhusa, na umwambie picha inakwenda wapi.

Karibuni kwa maswali.

---

Bonde la Ufa: Mkuu, picha zangu zikifika WhatsApp zinakuwa na ukungu. Shida nini?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Bonde la Ufa: Nimesoma, bado.

Mwandishi: Umetuma kama picha au kama dokumenti?

Bonde la Ufa: Kama picha.

Mwandishi: Basi hujasoma. Hatua ya 4, karibu na mwisho.

Mzawa: Hii ni kuficha maeneo ili mpige nyie tu. Kitulo ni ya Watanzania wote, siyo ya wenye kamera kubwa.

Mwandishi: Ndugu, Kitulo nimeitaja kwa jina na msimu wake nimeutaja. Nenda, tembea, piga mpaka betri iishe. Ninachokuomba usitangaze ni shina moja la ua. Wewe na wanao mtalikuta mwakani kama halijachimbwa.

Mzawa: Sawa, lakini wachimbaji ni wenyeji, wanayajua maeneo kuliko wewe.

Mwandishi: Wanayajua mengi, si yote. Yale wasiyoyajua ndiyo ninayoyatetea. Na si kila mchimbaji ni mwenyeji.

Binti wa Makete: Shikamoo mwalimu. Naishi Matamba, chini kidogo ya hifadhi. Nimeona ua kando ya shamba letu, nadhani ni okidi, lakini sijaliona kwenye picha za mtu yeyote. Nina simu ya kawaida tu. Nifanyeje litambulike bila kulitangaza?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Simu inatosha. Usilichume wala kulichimbua. Piga ua moja kutoka mbele, karibu, uso wote uonekane. Kisha lipige kutoka ubavuni, kwa sababu okidi nyingi zina kijimrija nyuma ya ua, na urefu wa hicho kijimrija husaidia sana kutofautisha jamii moja na nyingine. Piga majani, yanavyoanzia chini kwenye shina. Mwisho piga mmea mzima, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Jua likiwa kali, simama wewe ulizibe. Kwenye kivuli rangi hutoka vizuri zaidi.

Halafu ipandishe iNaturalist, mtandao ambao watu husaidiana kutambua mimea na wanyama, ikiwa na lokesheni yake, ila kwenye sehemu ya faragha ya lokesheni chagua "obscured". Watu wote wataona mraba wenye upana wa takriban kilomita 22, nukta halisi haitaonekana. Jamii nyingi zilizo hatarini hufichwa hivyo zenyewe, lakini yako haina jina bado, kwa hiyo chagua mwenyewe. Usiandike "shambani kwetu" kwenye maelezo. Ukipata jibu, rudi utuambie.

Binti wa Makete: Asante sana mwalimu. Kijimrija kipo, kirefu kuliko ua lenyewe.

Mwandishi: Vizuri mno! Kipime kwa rula, uandike milimita. Wanaotambua watakushukuru.

Rubani: Naruhusiwa kurusha droni Ngorongoro?

Mwandishi: Bila kibali, hapana. Droni si somo hili.

Mwenyeji wa Nanyuki: Salamu kutoka Kenya. Ninalo swali. Najin na Fatu, wale faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki, dunia nzima inajua wako Ol Pejeta. Wageni hupiga picha kila siku. Kwa hao lokesheni inabadilisha nini?

Mwandishi: Umeuliza vizuri. Kwa hao karibu haibadilishi kitu, kwa kuwa ulinzi wao haujajengwa juu ya siri. Wana walinzi wenye silaha usiku na mchana, na kujulikana kwao, hasa baada ya Sudan, dume wa mwisho wa jamii yao, kufa Machi 2018, kumesaidia watu kuwajali. Kwa hiyo ukiwa na picha ya mnyama jiulize: analindwa na watu, au na kutojulikana alipo? Faru mweusi aliye porini huko, mlinzi wake yuko mbali, na kichaka ndicho kinachomficha. Hata kwa Najin na Fatu, mimi nisingeposti sura za askari wala saa wanazopokezana.

Mwenyeji wa Nanyuki: Hiyo ya askari sikuwa nimeifikiria. Shukran.

Kasa: Naomba nitoke kidogo kwenye mada. Niko Unguja, nikitoka chumbani kwenye AC lenzi inajaa ukungu, mawio yananipita.

Mwandishi: Kabla ya kulala, weka kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge kabisa. Asubuhi toka nayo ikiwa ndani ya mfuko, usiufungue mpaka ipate joto la nje. Unyevu utaganda juu ya plastiki badala ya lenzi. Toka nusu saa mapema.

Mlima Meru: Wengine huweka mchele kwenye begi la kamera unyonye unyevu.

Mwandishi: Hapana. Mchele una vumbi lake na linaingia kwenye maungio ya lenzi. Tumia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Wa pwani wasizembee, unyevu ukikaa huotesha kuvu kwenye kioo, na kuisafisha ni ghali.

Mlima Meru: Basi mchele mimi naujaza kwenye kimfuko naweka dirishani mwa gari kama mto wa lenzi.

Mwandishi: Hapo ndipo mahali pake. Dirishani ni bora kuliko stendi ya miguu mitatu.

Kasa: Mchele au maharage?

Mlima Meru: Natumia vyote, sijaona tofauti.

Mwandishi: Maharage kama lenzi ni nzito, hayasogei ovyo. Usikijaze kimfuko kikakaza, acha kama robo tupu ili lenzi izame ndani. Kishone kwa kitambaa cha turubai na zipu imara, kikipasuka mbugani hutaokota. Na mwambie dereva azime injini kabla hujabonyeza.