Unatumia dawa ya sonona ya kundi la MAOI? Anza na hatua hizi

Mimi ni mfamasia. Siku moja alikuja dirishani mama mmoja mgeni kutoka Uingereza, mafua yamembana, akaomba vidonge vya kufungua pua.

"Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Ipo ya sonona, mwanangu, lakini hiyo haihusiani na mafua."

Nikamwomba anionyeshe. Ilikuwa fenelzini, mojawapo ya dawa za MAOI, yaani dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya fulani mwilini. Nikavirudisha vile vidonge kabatini, nikampa maji ya chumvi ya kusafishia pua, kisha tukakaa kwenye benchi tukazungumza. Niliyomweleza ndiyo haya.

1. Jua jina la dawa yako. Nardil ni fenelzini, Parnate ni tranilsipromini, Marplan ni isokaboksazidi. Hizi tatu huzima kabisa kimeng'enya, yaani protini ya mwili, kinachovunja serotonini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, na mwili huhitaji kama wiki mbili kutengeneza kingine. Moklobemidi, ya kundi hilihili, hukishika kwa muda tu kisha hukiachia, hivyo masharti yake ya chakula ni mepesi. Daktari bingwa humwandikia mgonjwa dawa hizi pale nyingine zinaposhindwa, na zimewainua watu wengi. Usiziogope, ziheshimu.

2. Usichanganye wala kurukia. Ukitoka kwenye dawa nyingine ya sonona lazima usubiri kwanza. Fluoksetini hukaa sana mwilini, subira yake ni wiki tano. Daktari ndiye apange tarehe.

3. Andika karatasi ya mfukoni. Jina la dawa, kipimo, simu ya daktari. Mwonyeshe kila anayekutibu, hata daktari wa meno, na hasa kabla ya upasuaji, maana pethidini, dawa kali ya maumivu, ikikutana na dawa hii inaweza kuua.

4. Dukani, uliza kabla ya kulipa. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu tumezoea kununua dawa ya mafua kama tunavyonunua sukari. Soma boksi. Ukiona sudoefedrini, fenilefrini au dekstromethofani, rudisha. Tramadoli pia mwiko, hata kama jirani amekupa viwili tu vya mgongo. Mwenye TB sugu amweleze daktari wake mapema: linezolidi, iliyomo kwenye matibabu hayo, nayo huzuia kimeng'enya hichohicho. Kwa homa na maumivu ya kawaida, parasetamoli inatosha.

5. Kula chakula cha leo, kisicholala. Mwaka 1963 daktari Barry Blackwell wa London alieleza jinsi jibini ilivyokuwa ikipandisha presha ya watumiaji wa dawa hizi. Chanzo ni tairamini, kitu kinachoongezeka chakula cha protini kinapokomaa, kuchacha au kulala. Kimeng'enya kikiwa kimezimwa, tairamini huingia kwenye damu bila kuvunjwa, na presha hupaa. Kwa hiyo acha jibini iliyokomaa, salami, sosi ya soya, bia ya pipa na pombe za kienyeji zinazoendelea kuchacha, mnazi ukiwemo. Ng'onda na papa mkavu navyo viache. Mchuzi wa samaki wa juzi usikudanganye kwa kuwa umechemka tena jikoni na unanukia: moto hauondoi tairamini. Samaki aliyetoka sokoni asubuhi, nyama ya leo iliyopikwa, mayai, maharage, ugali, wali, kula bila wasiwasi.

6. Simama polepole. Kwa siku za kawaida, shida kubwa huwa presha kushuka unaposimama. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kisha inuka.

7. Zijue dalili za hatari. Kichwa kuuma ghafla kuanzia kisogoni, shingo kukaza, moyo kwenda mbio, jasho, kutapika: hospitali, sasa hivi, na karatasi yako mkononi. Usimeze dawa ya presha ya mtu mwingine njiani, wala usiiweke chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla ni hatari nyingine. Kutetemeka, homa, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa baada ya kuongezewa dawa mpya, vilevile ni hospitali sasa hivi.

8. Usiache ghafla. Daktari atakupunguzia taratibu. Siku ya kidonge cha mwisho, izungushie duara kwenye kalenda, hesabu siku 14 mbele, na mpaka hapo endelea na masharti yote, ya jikoni na ya duka la dawa.